Kufuatilia mizizi ya kale ya maneno ya jeraha na maumivu: mwongozo kamili kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa

Mswahili akiumwa kichwa husema kichwa kinaniuma. Mganda husema omutwe gunnuma. Ukiyavunja maneno hayo, wote wawili wanalalamika kwamba kichwa kinawang'ata: kwa Kiganda okuluma ni kung'ata, na kwa Kiswahili mbwa huuma, nyuki huuma, jino nalo huuma, kitenzi ni kimoja. Tofauti pekee ni ile l iliyoko Kampala na isiyoonekana Mwanza. Je, Kiswahili kiliidondosha au Kiganda kiliiongeza? Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujibu swali la aina hiyo kwa ushahidi, kuanzia na maneno ya vidonda, maumivu na ugonjwa, na mwisho tutavuka kwenda familia nyingine za lugha.

Kwa kazi hii mkazi wa Mwanza ana bahati. Mwalo mmoja tu wa Kirumba hukusanya Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Wahaya, Wakurya na Wajaluo, na wote wana vidole vilivyowahi kuchomwa na samaki. Hizo ni lugha za Kibantu za matawi tofauti, pamoja na Kijaluo ambacho ni cha Kiniloti na hakina undugu wa karibu nazo hata kidogo. Mtu wa London angeomba fedha za utafiti ili apate mchanganyiko huo. Wewe unahitaji nauli ya daladala tu.

Kanuni inayobeba kazi yote

Kufanana kwa maneno si ushahidi. Ushahidi ni sauti inayobadilika kwa namna ile ile katika maneno mengi.

Chukua neno la Kijaluo adhola, yaani kidonda. Kilatini cha Warumi kina dolor, maumivu. Sauti zinakaribiana, maana zinakaribiana, na mtu mwenye haraka atatangaza kwamba Wajaluo na Warumi ni ndugu. Mwulize maswali mawili matatu zaidi. Mbili kwa Kilatini ni duo, kwa Kijaluo ariyo. Jino ni dens kule, huku lak. Kumi ni decem kule, huku apar. D ya Kilatini haina mwenzake wa kudumu katika Kijaluo. Kwa hiyo adhola na dolor ni sadfa, basi. Lugha zina sauti chache na maneno maelfu, ni lazima mengine yagongane.

Milio ya maumivu nayo iache nje kabisa. Ai, yalaa, ole, vae ya Warumi: binadamu akibanwa na mlango hutoa irabu, na irabu hizo hazina ukoo.

Hatua ya 1: Tengeneza orodha inayotenganisha mambo

Usimwendee mtu ukamwuliza "kwenu jeraha mnaitaje?" Atakupa neno moja, pengine la Kiswahili lililovalishwa kiambishi cha kwao. Orodha iwe pana na yenye kutenganisha: kidonda kibichi cha kukatwa, kidonda kilichooza, jipu, mchubuko, lengelenge, uvimbe, usaha, kovu. Halafu vitenzi: kuuma, kuwasha, kuchoma, kunyonga kwa tumbo, kufukuta. Halafu hali: kuugua, kupona, kupoa, kufa. Na mwishowe watu: mgonjwa, mganga.

Ongeza na maneno ambayo hayahusiani kabisa na maumivu, kama njaa, mvua, mguu, kucheka, kuota, pembe na hesabu ya moja hadi kumi. Utayashangaa sasa, lakini bila hayo hatua ya 5 haiwezekani, na wengi wanaokwama hukwama kwa sababu waliyaacha.

Hatua ya 2: Uliza juu ya kitu, usiulize juu ya neno

Wodini usiende. Mtu mwenye maumivu hastahili kusumbuliwa na kaunta buku yako, na hospitali zina taratibu zake za ruhusa. Nenda kwa wazee wenye nafasi na kwa watu wa kazi za mikono.

Mwaloni mtafute anayeparua samaki, na umsubiri amshike gogogo. Samaki huyo ana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, naye akishtuka huifunga wima isilale tena. Hapo una swali zuri kuliko lolote la darasani:

"Shikamoo babu. Huyu akikuchoma, mkono unafanyaje?"

"Marahaba. Unauma mpaka usiku."

"Na kwa Kikerewe ungemwambia bibi nyumbani vipi?"

Sasa mzee atakupa sentensi nzima, na sentensi ina thamani kuliko neno pekee, maana utaona kiambishi, njeo na mpangilio. Rekodi kwa simu, lakini omba idhini kwanza, na mwombe arudie taratibu mara ya pili. Uandike ulichosikia. Ukisikia ng' andika ng', ukisikia irabu imevutwa iandike mara mbili. Kisukuma kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano, kwa hiyo sikio la Kiswahili litakudanganya hapo, na rekodi ndiyo itakayokuokoa.

Andika pia mtu ametoka kijiji gani na ameishi wapi. Mkerewe aliyekulia Nansio na Mkerewe aliyekulia Igoma wanaweza kukupa majibu tofauti, na yote yakawa kweli.

Hatua ya 3: Toa mikopo kabla ya kulinganisha lolote

Maneno ya tiba hukopwa kwa urahisi, kwa sababu dawa na tabibu husafiri na majina yao. Angalia Kiswahili chenyewe. Jeraha, maradhi na damu ni za Kiarabu. Bandeji na plasta ni za Kiingereza. Ukizilinganisha hizo na Kisukuma unalinganisha Uarabuni na Usukuma, na utashangaa kwa nini hakuna kinacholingana.

Damu ni mfano mzuri. Kiarabu ni dam, Kiebrania dam, Kiakadi cha Mesopotamia dāmu. Msukuma yeye husema mininga, na hilo ndilo la Kibantu.

Mkopo una alama zake. Ya kwanza ni sauti ngeni, kama dh ya maradhi, ambayo haipo katika maneno ya asili ya Kibantu ya Kiswahili. Ya pili ni umbo lisilovunjika. Neno la asili huwa na ndugu zake ndani ya lugha: kutoka uma unapata umia, umiza, maumivu. Maradhi halina kitenzi "kuradhi" cha kuugua. Limeingia likiwa zima. Alama ya tatu ni neno kuwa na mtawanyiko wa ajabu, likipatikana pwani na katika njia za biashara tu.

Tahadhari na majeruhi. Ma- yake inaonekana kama ile ya matunda na mawe, ukajaribiwa kuikata. Sivyo. Kiarabu kina majrūḥ, aliyejeruhiwa, ambapo ma- ni sehemu ya umbo la neno lenyewe, na mzizi ni konsonanti tatu j-r-ḥ. Waswahili wamelipokea likiwa na ma- yake, ndiyo maana majeruhi anaweza kuwa mmoja au kumi bila neno kubadilika.

Jaribio moja la nyumbani kwako: Kiganda kina ekiwundu kwa maana ya jeraha, na Kiingereza kina wound. Undugu wa kale si jibu, lugha hizo mbili hazina mzazi mmoja anayejulikana. Linabaki ama mkopo ama sadfa. Tafuta neno hilo katika orodha za maneno za wamisionari wa mwanzo, waliofika Buganda kuanzia 1877, kisha uliza kama lipo katika lugha za Kibantu zilizo mbali na Kampala. Likikutwa mbali na bila Kiingereza kuhusika, hoja ya mkopo inaanguka.

Hatua ya 4: Vunja neno ubaki na mzizi

Ondoa kiambishi cha ngeli, ondoa mnyambuliko, kisha angalia kama nazali, yaani sauti ya puani kama n au m, imeharibu kitu. Hapa watu huteleza sana.

Neno la kuanzia liwe ndwele. Kila mtu analijua kutoka kwenye methali ya yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, ingawa siku hizi hakuna anayekwenda zahanati akasema ana ndwele. Katika Kiswahili n ikikutana na l hutoa nd: ulimi, ndimi. Kwa hiyo chini ya ndwele kuna -lwele. Sasa pitia majirani: Kiganda kina okulwala kwa kuugua, omulwadde kwa mgonjwa, endwadde kwa magonjwa. Kinyarwanda kina kurwara na indwara. Mzizi umejitokeza wenyewe, -lwal-.

Na ile e imetoka wapi? Kutoka kwenye njeo ya zamani ya kuonyesha hali iliyokwisha tokea. Katika mashairi ya kale lala hutoa lele, aliyelala. Vivyo hivyo lwala hutoa lwele, aliyeugua. Mwele, neno la kale la mgonjwa, ni ndugu yake. Kiganda kimefanya jambo hilo hilo kwa namna yake, lwala ikawa lwadde. Kwa hiyo ndwele si neno la pwani lililozuka tu, ni mabaki ya kitenzi ambacho Kiswahili kimekipoteza na Kiganda bado kinakitumia kila siku.

Kisukuma hapa hakikusaidii, chenyewe kina busatu. Usilazimishe. Lugha hubadilisha maneno, na pengo nalo ni taarifa ya kuandika.

Hatua ya 5: Tafuta sauti zinazorudiarudia

Hii ndiyo kazi yenyewe, na usiifanye kwa haraka. Turudi kwa uma na luma.

Panga maneno yale uliyoyaona hayana maana katika hatua ya 1. Njaa: Kisukuma nzala, Kiganda enjala, Kinyarwanda inzara. Mvua: Kisukuma mbula, Kichewa mvula. Mguu: Kiganda okugulu, Kinyarwanda ukuguru. Kila mahali ambapo Kiswahili kina irabu mbili zimekaa pamoja, wengine wana l au r katikati yake. Sasa mwanzoni mwa mzizi: kuota ndoto kwa Kiganda ni okuloota, kwa Kichewa kulota; ua la mmea kwa Kishona ni ruva. L ya kale imekuwa ikidondoka Kiswahili, mara nyingi katikati ya neno, na mwanzoni hasa pale inapofuatwa na o au u. Mbele ya a na i imebaki, ndiyo maana tunalala na tunalima.

Basi uma lina haki ya kuwa luma lililopoteza l. Na wengine wanathibitisha: Kizulu luma, Kichewa luma, Kishona ruma, Kikuyu kũrũma, Kinyarwanda kuruma, zote zikiwa na maana ya kung'ata. Swali la mwanzo limejibiwa: Kiswahili ndicho kilichodondosha. Hakuna aliyehitaji kukisia.

Kanuni hiyo hiyo inafungua neno ambalo vijana wanalitumia kutwa nzima. Poa. Ikiwa l imedondoka, tutafute pola. Kichewa kina pola, kupona kwa kidonda. Kizulu kina phola, kupoa na pia kupona. Kiganda kina okuwola, kupoa kwa chakula, kwa sababu p ya kale mara nyingi huwa w kule: pona ni okuwona, na kupa ni okuwa. Sasa weka sentensi tatu pamoja uzisome kwa sauti:

Kiswahili: kidonda kimepoa.
Kichewa: chilonda chapola.
Kizulu: isilonda sipholile.

Kutoka hapa hadi Durban ni maelfu ya kilomita, na bado sentensi nzima inasomeka.

Msukuma naye? Ukimsalimia atakujibu mhola, salama. Katika Kisukuma nazali ikikutana na p hutoa mh, kama pembe ilivyo mhembe. Rudisha nyuma, mhola inakuwa m + pola. Kwa kufuata kanuni, anayejibu "poa" Buzuruga na anayejibu "mhola" Magu wanatumia mzizi mmoja, baridi iliyogeuka kuwa afya na amani. Ukikaa na mzee wa Kisukuma mwulize kitenzi anachotumia kwa uji unaopoa na kidonda kinachopona, uone kama ni kimoja.

Kidonda chenyewe kina kasoro nzuri. Kichewa ni chilonda, Kizulu isilonda, Kibemba icilonda, Kishona ronda, Kikuyu kĩronda. Kwa mpangilio huo Kiswahili kilipaswa kuwa na "kilonda". D imetoka wapi wakati hakuna n mbele yake? Maoni yangu ni kwamba tuangalie donda, kama katika donda ndugu. Ngeli ya li-/ya- katika lugha za pwani ina historia ya kukaza konsonanti ya mwanzo wa neno, na nadhani donda lilikaza kwanza, kisha kidonda kikaiga kutoka kwake. Mwingine anaweza kuleta maelezo bora. Kilicho muhimu ni kwamba ukikutana na neno linalovunja kanuni uliandike pembeni na ulitafutie sababu. Usilipake rangi lifanane na mengine.

Kwa anayekusanya Kisukuma na Kinyamwezi kuna mtego mmoja zaidi. Msukuma akihesabu husema idatu, si tatu. Silabi mbili zikifuatana na zote zina konsonanti zisizo ghuna, yaani zisizotetemesha koo, kama t, k au p, ile ya kwanza hugeuka kuwa ghuna, kama d au g. Aliyeiona kanuni hii ni Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoraviani aliyefanya kazi Unyamwezi, na mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof akaiita kanuni ya Dahl mwanzoni mwa karne ya 20. Kikuyu nacho kinayo, hata jina Gĩkũyũ ni kĩ- iliyogeuka gĩ-. Kwa hiyo neno la Kisukuma likianza na d au g na silabi inayofuata ikawa na t au k, jaribu kwanza kulirudisha kwenye t au k kabla hujasema halina ndugu.

Hatua ya 6: Fuata maana bila kuiachia kamba yote

Mzizi ukishapita mtihani wa sauti, maana inaruhusiwa kutembea, na maneno ya maumivu hutembea sana.

Cheka kwa Kiganda ni seka, kwa Kizulu hleka. Mchwa kwa Kizulu ni umuhlwa. Kwa hiyo ch ya Kiswahili ni s Kiganda na hl Kizulu. Sasa chukua uchungu. Kizulu kinatupa ubuhlungu, maumivu. Kiganda kwa kanuni kinapaswa kutoa obusungu, na kinalo kweli, ila kwao maana yake ni hasira. Ukiwa na uma tu, hungefikiria hasira. Lakini Kiswahili kinaunganisha vyote: uchungu wa dawa, uchungu wa kuzaa, na mtu mwenye uchungu na ndugu zake waliomdhulumu shamba. Daraja la maana lipo, na sauti zimekubali. Kama sauti zingekataa, hilo daraja lisingekuwa na kazi.

Mganga ana habari kama hiyo. Kishona n'anga, Kikongo nganga, na Kiswahili bado kina kitenzi cha kuganga. Msukuma ana nfumu, Mganda omufumu. Lakini Malawi mfumu ni chifu, na Kongo vilevile. Mwanzoni huenda mtawala na mtabibu walikuwa mtu mmoja, au heshima ya mmoja ilihamia kwa mwingine.

Kuna upande wa pili. Mnyarwanda kichwa kikimuuma husema umutwe urandya, kichwa kinanila. Picha ni jamaa na ya kung'ata, lakini kurya si kuruma. Watu hushirikiana picha bila kushirikiana mzizi. Andika safu mbili tofauti katika daftari, moja ya mizizi, moja ya picha, zisichanganyike.

Hatua ya 7: Linganisha na kazi ya waliotangulia

Ukishapata mizizi yako, ndipo ufungue kazi za wengine. Ukifungua mapema utaanza kusikia kile ulichosoma.

Meinhof aliweka msingi wa sauti za Kibantu 1899. Mwanaisimu Mwingereza Malcolm Guthrie alichapa juzuu nne kati ya 1967 na 1971, na ndiye aliyezipa lugha namba tunazozitumia hadi leo: Kisukuma F21, Kinyamwezi F22, Kiganda E15, Kihaya E22, Kikerewe E24, Kijita E25, Kiswahili G42. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina hazina ya mizizi ya Kibantu mtandaoni unayoweza kuisoma bure. Huko lugha za maziwa makuu huongezewa J mbele, kwa hiyo Kihaya utakikuta kama JE22.

Mzizi uliokisiwa huandikwa na nyota mbele, kama *-dum- kwa kuuma. Nyota ina maana moja: hakuna aliyewahi kulisikia neno hili, tumelijenga kutoka kwa watoto wake. Utaona d mahali ulipotarajia l, ni mtindo wao wa uandishi, usikusumbue.

Hatua ya 8: Kuvuka familia

Hapa ndipo wengi wanapotaka kuanzia. Ngoja mpaka familia yako imekaa sawa, kisha ingia familia nyingine kama mgeni, ukiilinganisha yenyewe kwa yenyewe kabla ya kuileta kwenye yako.

Kisemiti, familia ya Kiarabu, Kiebrania, Kiaramu na Kiakadi, ni rahisi kwa Mswahili kwa sababu tayari tuna maneno yake mdomoni. Maradhi yana dh, na ardhi ina dh. Kwa Kiarabu zote ni herufi moja, ḍ. Kiakadi kina erṣetu kwa ardhi na murṣu kwa ugonjwa. Kiaramu kina sauti ya kooni, ile ya ain, mahali pale pale katika maneno yote mawili. Ardhi na maradhi zinakwenda bega kwa bega hadi kwenye Kiakadi, lugha iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo tangu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Huo ni ulinganifu wa aina ile ile ya njaa na nzala.

Kihindi-Kiulaya, familia ya Kigiriki, Kilatini na Kiingereza, nacho kina helkos ya Kigiriki na ulcus ya Kilatini, kidonda, mzizi mmoja. Anayetibiwa vidonda vya tumbo huandikiwa neno hilo kwenye cheti chake kwa Kiingereza. Pain ya Kiingereza imetoka Kilatini poena, adhabu, nayo ikatoka Kigiriki poinē, fidia ya damu. Waliofikiria maumivu kuwa ni malipo walikuwa wengi.

Sasa mfano wa neno kuvuka kweli kutoka familia moja hadi nyingine. Kifini, ambacho si cha Kihindi-Kiulaya, kina sairas, mgonjwa. Kijerumaniki cha kale, lugha mama ya Kiingereza na Kijerumani, kilikuwa na *sairaz, yenye maumivu, ambayo imezaa sore ya Kiingereza na sehr ya Kijerumani cha leo, inayomaanisha "sana". Wafini walilikopa zamani sana na wakalitunza pamoja na s ya mwisho, ambayo Kiingereza na Kijerumani vyenyewe vimeshaitupa. Mkopaji anaweza kuwa mtunzaji mzuri kuliko mwenye mali.

Hilo ndilo la kulitafuta kati ya Kijaluo na lugha za Kibantu za hapa. Kijaluo kina tuo kwa ugonjwa na remo kwa damu. Kiacholi cha Uganda kina two na remo, kwa hiyo hayo ni ya Kiniloti, si ya kukopa jirani. Neno lolote la kidonda utakalolikuta kwa Wajaluo wa Rorya na kwa Wakurya au Wasuba, lakini halipo Kiacholi, linaelekea kuwa mkopo kutoka Kibantu. Likiwapo Kiacholi na halipo kwa Wabantu wengine, mkopo umeelekea upande wa pili. Kipimo ni hicho, uliza ndugu wa mbali, asiyekaa ziwani.

Wapo wanaodai mizizi ya dunia nzima, kwamba neno moja la maumivu lilizaa yote. Mimi sishiriki. Sauti hubadilika kiasi kwamba baada ya miaka 6,000 hadi 10,000 hivi mabaki hayatofautiki tena na sadfa, na wanaisimu wengi husimama hapo.

Hatua ya 9: Daftari

Kila mzizi upewe daraja. A: sauti zinarudia katika maneno mengine matatu au zaidi, na maana inakaa. B: sauti zinakubali lakini mifano michache, au maana imetembea mbali. C: mfanano tu, ambao haujapimwa bado. Uma na luma ni A. Poa na mhola nimeziweka B mpaka kitenzi cha Kisukuma kipatikane. Adhola na dolor hazistahili hata C, lakini zibaki daftarini na maelezo ya kwa nini zilikataliwa, ili mwenzako asizigundue upya mwakani.

Weka rekodi mahali pawili, simu huzama. Nakala moja mpelekee aliyekusimulia, ikiwa imeandikwa vizuri kwa lugha yake, na nyingine peleka panapotunzwa mambo ya jamii husika. Kwa Wasukuma, makumbusho ya Bujora pale Kisesa hayako mbali na mjini. Jina la msimulizi liandikwe kama tu amekubali.